Shimo la Magimbi la Mwalimu

Nyumbani kwa Mwalimu maji hayakumwagwa. Yalipelekwa. Ukinawa mikono, ukiosha mchele, ukisuuza kanga, lazima ujue maji hayo yanakwenda wapi. Mimi sikujua. Siku ya kwanza nilipohamia chumba chake cha uani, kule Ipagala, nilimaliza kuosha vyombo nikarusha maji ya beseni kuelekea getini, kutuliza vumbi, kama tulivyofanya nyumbani tangu nikiwa mdogo. Sauti ikatoka barazani:

"We mpangaji! Hayo maji umempa nani?"

"Sijampa mtu, Mwalimu. Nimeyamwaga."

"Umeyamwaga," akarudia, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Akavaa ndala zake, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko kunionyesha watu wake.

Watu wenyewe walikuwa magimbi. Ukiijua Dodoma utanielewa nikisema nilisimama pale nikabaki mdomo wazi. Nje ya ukuta ilikuwa Septemba, kila kitu rangi ya kahawia, hata mbuzi. Ndani, kwenye shimo lenye upana wa chumba kidogo na kina cha goti, kulikuwa na majani makubwa ambayo mtoto angeweza kujikinga mvua kwa moja tu. Mashina yake yalikuwa ya zambarau iliyokolea. Pembeni kulikuwa na maua mekundu ya kana na mgomba mmoja ambao, kwa miaka yote tisa niliyokaa pale, haukuzaa hata ndizi moja, na haukukatwa. Mwalimu alisema mgomba ule kazi yake ni kivuli, asiudai mtu kitu kingine.

Alikuwa mama mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata sisi ambao hakutufundisha. Mimi nilikuwa nafanya kazi masjala, katika wizara moja huko Mtumba. Kazi yangu ni kujua faili liko wapi. Ya kwake ilikuwa kujua maji yako wapi, na nakiri aliifanya kwa bidii kunishinda.

Utaratibu wake wa maji niliujifunza kwa wiki nzima, kwa kukosea. Vyombo vioshwe kwa mabeseni matatu. Maji ya beseni la kwanza, yenye mafuta na sabuni nyingi, yaende chooni. La pili lisubiri, litasafishia sakafu. La tatu, la kusuuzia, liende shimoni, tena lisimwagwe juu ya majani bali lipitishwe kando, kwenye kopo lililotobolewa matundu na kuzikwa nusu. Maji ya kuoshea mchele yalikuwa na heshima ya pekee. Yale ya kuchemshia maharage alitaka yapoe kwanza, na mtu asiyeyaacha yapoe alikuwa hajalelewa vizuri.

Lakini maji aliyoyaonea fahari yalikuwa ya udhu. Yeye ni mtu wa milima ya Kondoa, Mwislamu wa kuswali kwa wakati. Alimwita fundi akamjengea kijiukuta na kiti cha matofali kwenye ukingo wa shimo, na mfereji mwembamba wa saruji unaotelemka moja kwa moja kwenye mizizi. Akitawadha, mikono, uso, miguu, maji yote yalikwenda kwa magimbi. "Hawa wanapata zamu tano kwa siku bila kukosa," alikuwa akisema. "Wewe huko Mtumba unawahi kazini mara tano kwa wiki na unalalamika." Sisi Wakristo wa uani hakutuacha nje ya shughuli hiyo. Kabla ya kwenda kanisani Jumapili tulitakiwa kunawia pale pale, na fundi cherehani aliyepanga chumba cha pili alizoea hata kupigia mswaki pale.

Shimo lenyewe alilichimba kwa akili. Chini alitandika maturubai makuukuu aliyoyatoboa kwa msumari, ili maji yakawie lakini yasituame. Juu yake samadi ya ng'ombe, udongo mwekundu, halafu maganda ya alizeti kuzuia jua lisinyonye unyevu. Upande unakotoka upepo alitundika kanga zake za zamani kwenye kamba, maana upepo wetu wa Julai huchana majani mapana vipande vipande. Na kila Ijumaa asubuhi alikaa na kitambaa chenye unyevu akifuta vumbi, jani baada ya jani. Wakati huo huo alituhutubia kwamba mmea haupaswi kudekezwa.

Watu walimcheka, asikudanganye mtu. Jirani wa mbele, mwenye mizabibu iliyonyooka vizuri, alimwambia hii ni nchi ya uwele na zabibu, magimbi ayaache huko kwao kwenye chemchemi. Mwalimu akamjibu kwamba uwele ni mgeni, unakuja na mvua na kuondoka na mvua, lakini gimbi ni mwenyeji. Likipata mahali linakaa. Likichoka linalala chini, na likitaka linaamka. Jirani akaondoka akicheka, lakini kila kwao kulipokuwa na harusi alituma mtu kuomba majani ya kupambia.

Hapo utauona ukinyume wake. Mtu aliyekuwa akikukaripia kwa kikombe kimoja cha maji alikukatia jani la kipenzi chake bila kufikiri mara mbili. Alikuwa mkali kwa wapangaji na mpole kwa kuku wa watu. Hakukosa swala, na hakukosa mieleka kwenye televisheni, akiwashangilia wale wanaume wenye misuli kwa sauti iliyovuka ukuta. La kuchekesha zaidi, aliogopa vyura. Mwanamke aliyetengeneza kinamasi katikati ya Dodoma, akakitunza kwa miaka, aliogopa vyura kupita kiasi! Mvua za kwanza zikinyesha na wao wakaanza kuimba shimoni, alipanda juu ya kiti cha udhu akiita wapangaji kwa majina yetu yote. Mimi ndiye niliyekuwa nawashika kwa mkono na kuwapeleka mtaroni. Walirudi kesho yake.

Siku moja alikuja Bwana Afya wa mtaa na kitabu chake mkononi. Kuna mtu alikuwa amepeleka habari kwamba Mwalimu amefuga dimbwi la mbu.

"Mama, tumepata taarifa kuna maji yaliyotuama hapa."

"Na salamu umeiacha ofisini?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vua saa."

Kijana wa watu akavua saa. Mwalimu akamwelekeza aingize mkono katikati ya mashina, mpaka kiwiko. Akaingiza.

"Umekuta maji?"

"Tope tu, Mwalimu."

"Mbu anataga kwenye tope?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kaa, ujazwe alama."

Bwana Afya alicheka mpaka akakaa kweli. Aliondoka na miche miwili ya kana imefungwa kwenye gazeti, mkono wake mmoja mwekundu mpaka kiwikoni.

Alikuwa na jambo moja ambalo hakulitania. Nililisikia jioni moja tukichambua mchicha. Shuleni, alisema, kwa miaka yote aliyofundisha, mtoto akichelewa adhabu yake ilikuwa ndoo kumi za kumwagilia miti. Akipiga kelele, ndoo tano. Asipofanya zoezi la nyumbani, ndoo. "Nilidhani naipanda ile shule miti," akasema. "Kumbe nawafundisha watoto kuchukia kumwagilia. Siku hizi nawaona, wamekuwa watu wazima wana nyumba zao, uwanja mweupe, hakuna hata mwarobaini. Wamesakafia saruji mpaka ukutani. Nikiwauliza wanacheka, wanasema Mwalimu, sisi ndoo zetu tulizimaliza kwako." Aliendelea kuchambua mchicha, na nikajua linamuuma.

Yale magimbi yenyewe hayakuwa magimbi tu. Mbegu aliichimba kwenye bonde la mama yake, Kondoa, mwaka aliomzika. Chemchemi ya lile bonde baadaye ilikauka, watu wakalima mahindi, na magimbi yale ya shina la zambarau yakaisha kabisa. Dada yake alikuwa ameyatafuta kijiji kizima asiyapate. Kwa hiyo yaliyobaki yalikuwa yale ya Ipagala, kwenye shimo nyuma ya jiko. Alinieleza hayo mara moja tu, kwa ufupi, siku aliyonikabidhi shimo.

Maana alinikabidhi. Ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka wangu wa tatu pale. Dada yake aliugua, ikabidi aende Kondoa kumuuguza. Aliniachia mapipa mawili yaliyojaa, akaniambia maji ya mapipa ni ya kuongezea, mengine ni yale yale ya mabeseni. "Mgogo wangu, nakuachia mama yangu," akasema, akapanda basi.

Alikawia wiki saba. Mgao wa maji ukawa mkali mwaka ule, na mapipa yakaisha wiki ya tatu. Tulikuwa wawili tu uani, mabeseni yetu hayakutosha, na jua la Oktoba mnalijua. Majani yakaanza kulegea mchana. Nikamsimamisha muuza maji mwenye guta, ile baiskeli ya mizigo, nikanunua madumu sita, nikayapeleka yote shimoni nikijiona shujaa.

Yule muuza maji aliniambia, namshuhudia mbele za Mungu aliniambia: "Dada, haya ya kisima, ya kufulia na ya kujengea." Nikamjibu maji ni maji. Mimi nimekulia kijijini upande wa Mvumi, kwenye kisima cha chumvi. Chai yetu ilikuwa na chumvi kabla haijapata sukari, na tulikua, tukasoma, tukawa watu. Haikunipitia akilini kwamba kitu kilichonilea mimi kinaweza kumdhuru mwingine. Mtu wa pwani au wa Moshi asingelifanya kosa lile, angeonja tu akatema. Mimi nilionja nikasikia ladha ya nyumbani.

Baada ya siku nne kingo za majani zikawa kahawia. Nikaona kiu imezidi, nikaongeza madumu. Wiki iliyofuata majani yakajikunja na kuanguka, moja baada ya jingine, na udongo ukaota utando mweupe wa chumvi juu. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikaa kwenye kiti cha udhu nikalia kama mtoto, na fundi cherehani akaja kunipa pole akidhani nimefiwa. Sikumsahihisha.

Nilichofanya baadaye sijivunii. Nilichimbua kila kitu, vile viazi vilivyosinyaa, nikavitupa nyuma ya bafu, kando ya ua wa minyaa. Nikatafuta kibarua tukatoa udongo wa juu debe kwa debe na kuweka mwingine. Nikaenda sokoni, nikanunua magimbi yenye macho mazuri, muuzaji akaniapia yametoka Morogoro. Nikayapanda kwa mistari ile ile. Mvua za Desemba zikawahi, na Mwalimu aliporudi, dada yake akiwa amepona, alikuta vijani vya kwanza vimeshafunguka. Nikamwambia jua lilikuwa kali, ya zamani yamelala lakini yameanza kuamka.

Alisimama ukingoni akayainamia. Mashina ya vijani vile yalikuwa ya kijani, hayana hata doa la zambarau, na mimi nilijipa moyo kwa unene wa miwani yake.

"Umefanya kazi," akasema mwisho. "Nenda kapumzike."

Basi. Wiki ile ile aliita fundi, akaziba njia ya nyuma ya bafu kwa mabati, akatutangazia wapangaji kwamba amemwona nyoka kule na mtu asipite. Hatukupita. Nani ana hamu ya kukutana na nyoka?

Tangu hapo nikawa mtumwa wa shimo. Nilikuwa naamka kabla ya kwenda Mtumba, napeleka maji ya kusuuzia, nabadilisha maganda ya alizeti, nafunga kanga za upepo. Kila tone nililionja kwanza kwa ulimi. Majani yakawa makubwa kama ya awali, vyura wakarudi, na maisha yakaendelea vizuri, kuliko nilivyostahili. Kila Ramadhani Mwalimu alinipelekea sahani ya futari chumbani, magimbi ya nazi, amefunika na kawa. "Kula mwanangu, ni jasho lako," alikuwa akisema, halafu anasimama mlangoni mpaka nianze. Yalikuwa yananiwasha koo. Kila mwaka yaliniwasha. Nilimeza, nikasifia, nikaomba na mchuzi, maana ningeanzia wapi kulalamika?

Mwaka wa tisa niliezeka kijumba changu upande wa Mtumba, nikahamia kikiwa bado hakijaisha. Nilikusudia kumwambia siku ya kuaga, nikashindwa. Nilikusudia tena kwenye simu mara kadhaa. Kusema kweli nilishazoea kuishi nalo. Lakini kila nilipopika magimbi nilimkumbuka mama wa mtu, ambaye sikumwona, na ambaye nilikabidhiwa nikamtupa kwenye minyaa.

Mwezi uliopita, Jumapili, nilitoka kanisani nikaenda kumsalimia. Magoti yamemsumbua, sasa anatawadha akiwa kwenye kiti cha plastiki barazani, na maji yanakingwa kwenye karai. Mkwewe, aliyehamia kwake siku hizi, ndiye anayeyapeleka shimoni. Televisheni ilikuwa wazi, mieleka. Nilipomwamkia aliitikia bila kugeuka mpaka yule aliyekuwa chini aliponyanyuka.

"Marahaba mwanangu. Nyumba umeimaliza?"

"Nimeimaliza, Mwalimu."

"Maji yako yanakwenda wapi?"

Nikamwambia nimechimba shimo nyuma ya jiko, kina cha goti, nimetandika turubai na kulitoboa kwa msumari, lakini bado tupu. Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema nichukue jembe dogo na mfuko wa salfeti, twende nikachukue mbegu.

Nilimshika mkono tukaenda polepole mpaka shimoni. Nikainama kwenye lile shina lililokuwa karibu, na kabla sijagusa udongo nikaona hapa hapa ndipo mahali. Nikasema, "Mwalimu, kuna jambo sijawahi kukuambia kuhusu haya magimbi."

"Acha hayo. Hayo ni ya sokoni."

Nikainuka na jembe mkononi.

"Twende nyuma ya bafu," akasema.

"Na nyoka?"

"Nyoka gani? Vuta hilo bati."

Nikavuta. Nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea ukutani, kando ya minyaa, palikuwa na msitu. Majani yalikuwa yamenipita kichwa. Mashina yote yalikuwa ya zambarau, imekolea karibu kuwa nyeusi, na chini watoto wake wamejaa hata pa kukanyaga hapana. Nilipiga magoti pale pale na nguo zangu za kanisani. Nililia, na wakati huo huo nilikuwa nacheka, na yeye alisimama ameegemea ukuta wa bafu akingoja nimalize.

"Niliyakuta siku ile ile niliyorudi," akasema. "Nilikuja kuoga. Yalikuwa yameanza kuchipua juu ya takataka. Nilikuambia gimbi linalala, hukusikia."

"Miaka yote hiyo, Mwalimu! Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona umeanza kuamka alfajiri, unawapelekea maji bila kutumwa. Ningesema, ningekugombeza, unanijua. Na ningekugombeza, ingekuwa adhabu. Nimeshawapa watoto wa watu ndoo za adhabu za kutosha."

"Lakini ilikuwa adhabu. Nilimwagilia kwa sababu ya kosa langu."

"Mwaka wa kwanza, sawa. Na ile mingine mitano?"

Nilifikiria zile asubuhi, ubaridi wa shimo miguuni kabla jua halijachomoza, vijani vilivyojikunja ambavyo nilikuwa navitazama kama vitafunguka leo au kesho.

"Hata hivyo sikukuacha bure," akaongeza. "Yale ya kwako ya sokoni yanawasha. Mimi sikuyala hata siku moja. Nilikuwa nakupikia wewe."

Alicheka mpaka akashika goti lake bovu. Kisha akaonyesha kwa kidole shina lililonenepa kuliko yote, lile lililokuwa karibu kabisa na tundu la maji, akaniambia nichukue hilo na watoto wake wanne, maana kitu kama hiki hakifai kukaa nyumba moja. Nikafunua salfeti, nikashika jembe.

"Chimba taratibu," akasema Mwalimu. "Na safari hii, mwanangu, usitupe kitu."